Kunyanyua vyuma baada ya miaka 45: malengo manne na namna ya kuchagua

Mtu anayeanza kunyanyua vyuma akiwa na miaka 22 hahitaji kuulizwa lengo lake. Kila mwezi kilo zinaongezeka, na kule kuongezeka ndilo lengo lenyewe. Akifika 45 au 50 mambo hubadilika. Uzito uliokuwa wa kupashia misuli moto sasa wenyewe unataka kupashiwa. Bega lililochoka Jumatatu bado linalalamika Alhamisi. Na yale maandishi ya daftarini, kilo kwa kilo, yanasimama mahali pamoja au yanaanza kurudi nyuma.

Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaoendelea kuongeza vyuma mpaka kiungo kigome. Wapo wanaoacha kabisa na kuhamia jogging ya Jumamosi asubuhi, wakabaki na pumzi nzuri lakini mikono haiwezi kushusha begi kutoka kwenye keria ya basi. Makala hii ni ya walio katikati: wanaotaka kuendelea kuwa na nguvu kwa miaka 20 au 30 ijayo, ila hawajui wazifuate kwa njia ipi. Nimeyaweka malengo manne ambayo nayaona yana mantiki kwa mtu aliyevuka 45, awe mzoefu au anayeanza leo. Hakuna linaloyashinda mengine kwa kila mtu.

Kinachobadilika mwilini, na kisichobadilika

Kuanzia miaka ya thelathini, mwili hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila muongo, na baada ya 60 kasi hiyo huongezeka. Nguvu hupungua haraka kuliko misuli inavyopungua kwa macho. Nguvu ya ghafla, ile inayokushika unapojikwaa kwenye ngazi, hupungua haraka kuliko zote, kwa sababu nyuzi za misuli zinazofanya kazi kwa kasi ndizo zinazosinyaa zaidi. Kano, zile kamba zinazounga misuli na mifupa, nazo huchelewa kuzoea uzito mpya kuliko misuli. Ndiyo maana mtu wa miaka 50 anaweza kujisikia ana nguvu za kuongeza kilo wiki hii, halafu kiwiko kikamsuta wiki mbili baadaye.

Lakini uwezo wa misuli kuitikia mazoezi haufi. Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, waliwapa mazoezi mazito ya miguu wazee 10 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri miaka 90. Baada ya wiki 8 nguvu za misuli ya mapaja yao zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Walianza chini sana, ni kweli, na walisimamiwa kwa karibu. Hata hivyo ukisikia mtu wa miaka 55 akisema umri wake wa vyuma umepita, mkumbushe wazee hao.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na waliofikisha miaka 65 waongeze mazoezi yanayochanganya mizani ya mwili na nguvu siku 3 au zaidi. Kwa hiyo swali la kuacha au kuendelea limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni kuendelea kuelekea wapi.

Vigezo

Kila lengo nimeliuliza maswali matano yaleyale. Unajipima kwa nini? Linadai nini, kwa maana ya muda, vifaa, chakula na usimamizi? Linakupa nini? Linakuweka kwenye hatari gani? Na linamfaa nani?

Swali la kwanza nalitilia mkazo kuliko mengine. Kukata tamaa kwingi ninakokuona kwa watu wa makamo kunatokana na mtu kufuata lengo moja huku akijipima kwa kipimo cha lengo jingine. Anafanya mazoezi ya kulinda magoti yake, halafu anahuzunika kwamba benchi haipandi. Anapunguza siku za mazoezi ili amuuguze mama yake, halafu anajiona mvivu. Ukichagua lengo, chagua na kipimo chake, na vile vingine uviache vipumzike.

Lengo la kwanza: kuendelea kusaka kilo

*Kipimo.* Uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja kwa mtindo safi, au mara 3 hadi 5 ukitaka kujilinda. Kwa kawaida hupimwa kwa skwati, kulala benchi na kuvuta chuma kutoka chini. Hakuna kipimo kilicho wazi kuliko hiki: chuma kimepanda au hakikupanda.

*Linachodai.* Mengi. Unafanya kazi karibu na asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wako au zaidi, marudio machache, mapumziko ya dakika 3 hadi 5 kati ya seti (fungu la marudio yanayofuatana) na seti. Unahitaji fremu ya kuzuia chuma kisikuangukie, mtu wa kukushikia, na usingizi wa kutosha. Jambo moja dogo huamua kila kitu katika umri huu, nalo ni vyuma vidogo. Kijana anaweza kuruka kilo 10 kwa mpigo. Mtu wa miaka 52 anahitaji kuongeza kilo moja, isizidi mbili na nusu, kisha akae hapo wiki kadhaa. Jimu nyingi za mtaani zina bomba la chuma lenye makopo ya saruji kila upande. Kopo dogo, kopo la kati, kopo kubwa, na pande mbili hazilingani sawasawa ukiziweka kwenye mizani. Kwa kujenga mwili vinatosha. Kwa kusaka kilo baada ya 45 vinakulazimisha kuruka ngazi ambayo kano zako haziko tayari kuiruka. Ukiwa huko, nunua japo vipande viwili vya kilo 1.25 uvifunge kwa kamba, au badili lengo.

*Linachokupa.* Nguvu halisi, ile ambayo uzito mwepesi hauileti hata ukirudia mara nyingi. Na mifupa. Huko Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, wenye mifupa iliyopungua, wastani wa miaka 65. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito kwa nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi 8, seti 5 za marudio 5, kwa uzito wa zaidi ya asilimia 85 ya uwezo wao. Mifupa ya kiuno chao iliongezeka uzito kwa karibu asilimia 3, wakati kundi jingine lililofanya mazoezi mepesi nyumbani lilipoteza kidogo. Walisimamiwa kila kipindi, na walifundishwa mtindo kwanza kabla ya kuongezewa uzito. Naitaja habari hii kwa sababu wanawake wengi wa umri huo huambiwa wasiguse kitu kizito, na baadhi yao ndio wanaokihitaji zaidi.

Faida nyingine ni kuwa na wa kushindana nao. Shirikisho la kimataifa la mashindano ya skwati, benchi na kuvuta chuma hugawa wakongwe katika makundi ya miaka 40 hadi 49, 50 hadi 59, 60 hadi 69, na 70 kwenda juu. Hata usipopanda jukwaani, chukua mfumo huo: ukitimiza miaka 50, fungua ukurasa mpya wa rekodi. Kilo zako za miaka 28 zibaki ukurasa wake.

*Hatari.* Mabega, viwiko, mgongo wa chini. Na presha. Ukibana pumzi na kusukuma uzito mkubwa, shinikizo la damu hupanda sana kwa sekunde chache. Mwenye moyo na mishipa mizima hulistahimili. Mwenye presha isiyojulikana anacheza na hatari. Pima kabla ya kuanza. Ikisoma 180/110 au zaidi, usiguse chuma siku hiyo, nenda kwa daktari.

*Linamfaa* aliyejifunza mtindo vizuri zamani, asiye na kiungo kinachouma kila wiki, anayelala vizuri, na ambaye namba humpa raha ya kuamka asubuhi. Mwanzilishi wa miaka 60 naye anaweza kufika hapa, ila kwa msimamizi na kwa kupitia lengo la pili au la tatu kwanza.

Lengo la pili: kulinda misuli na kuijenga

*Kipimo.* Futi ya fundi cherehani: paja, mkono na kiuno, mara moja kila miezi miwili au mitatu. Pamoja na hiyo, marudio mangapi unayamudu kwa uzito uleule. Ukitoka 9 kufika 13 kwa dambeli zilezile, umepiga hatua, hata kama chuma hakikuongezeka.

*Linachodai.* Hapa vyuma vya saruji vinarudi kwa heshima zote. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba misuli hukua karibu sawa kwa uzito mzito au mwepesi, mradi seti iishie karibu na kuchoka, pale unapoona yamebaki marudio mawili au matatu uishiwe kabisa. Marudio 8 hadi 15 ni rahisi kuyasimamia, lakini hata 25 yanafanya kazi. Mpira wa kuvuta, pushapu, dambeli, mashine, vyote vinafaa. Kinachoongezeka ni wingi wa seti, na hivyo muda: siku 3 kwa wiki, dakika 45 hadi saa moja.

Linadai chakula pia, na hapa ndipo wengi huangukia. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 70 hadi 84. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Chai na chapati mbili asubuhi, wali na mchuzi mchana, ugali na mboga za majani jioni havifiki hapo. Dagaa wakavu ni jawabu la bei nafuu kuliko kopo lolote la unga wa protini. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kabla ya kuongeza.

*Linachokupa.* Akiba. Mtu akilazwa wiki mbili kwa malaria kali au upasuaji, misuli huyeyuka, na aliyeingia wodini na misuli mingi hutoka akitembea. Misuli pia ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, kwa hiyo kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au anayekinyemelea, lengo hili lina uzito wa pekee. Viungo hupumua kwa sababu uzito ni wa wastani.

*Hatari.* Wingi wa seti huchosha viwiko na mabega kimyakimya. Halafu kuna kioo. Mtu wa miaka 50 akijilinganisha na kijana anayetunisha misuli, mtaani kuna watu wa kumuuzia sindano na vidonge vya kukuza mwili haraka. Dawa hizo huumiza moyo na ini na kuzima homoni za mwili wenyewe. Mwenye umri mkubwa ana moyo usio na nafasi ya majaribio hayo. Upungufu mwingine: unaweza kuwa na mapaja mazuri na bado ukashindwa kusimama kwa mguu mmoja ukivaa suruali.

*Linamfaa* mwenye kisukari, aliyekonda baada ya ugonjwa, mwenye magoti au mgongo usiopenda uzito mkubwa, na yeyote anayependa kukaa jimu.

Lengo la tatu: nguvu ya shughuli

Lengo hili wanyanyuaji wa zamani hulidharau, na nadhani wanalionea. Linaonekana la wagonjwa. Chukua dambeli ya kilo 16, lala chali, inyanyue juu kwa mkono mmoja, kisha inuka mpaka usimame wima bila kuishusha. Anayeweza kufanya hivyo mara tatu kila upande akiwa na miaka 58 hana cha kudharauliwa. Anza na kiatu mkononi kabla ya dambeli.

*Kipimo.* Vipo vinne, na vyote unaweza kuvifanya leo sebuleni. Kwanza, kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara 5. Kikundi cha wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia upungufu wa misuli uzeeni hutumia sekunde 15 kama mpaka: ukizidisha hapo, nguvu za miguu ziangaliwe. Pili, simama kwa mguu mmoja sekunde 10 karibu na ukuta. Katika utafiti wa Brazil uliotoka mwaka 2022, kwa watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, mmoja kati ya watano alishindwa, na walioshindwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki katika miaka iliyofuata. Kushindwa hakuui, ni dalili ya mambo mengine yanayoendelea mwilini. Tatu, kaa chini mkekani na uinuke, uhesabu ni mara ngapi mkono au goti limegusa sakafu. Nne, beba ndoo mbili za lita 20 zilizojaa, kilo 20 kila mkono na kidogo juu, utembee hatua 30 bila kuziweka chini. Mwenye mwili mdogo aanze na ndoo za lita 10.

Ukiangalia vipimo hivyo, ni maisha yetu yenyewe. Kurukuu na kusujudu mara kadhaa kila siku, na kuinuka bila kushika ukuta. Kukaa mkekani msibani saa nzima na kusimama kumpokea mgeni. Choo cha kuchuchumaa kijijini. Kuparamia daladala ambayo haijasimama sawasawa. Kushusha mtungi wa gesi kutoka kwenye bodaboda. Hivi ndivyo vitu ambavyo mzee akishindwa, watoto huanza kuzungumza juu yake akiwa hayupo.

*Linachodai.* Pesa karibu hakuna. Kiti, ndoo, ngazi, mkeka, dakika 20 hadi 30, siku 3 kwa wiki. Linadai kitu kimoja ambacho wengi hawakifanyi: kasi. Simama kutoka kitini kwa haraka kadiri unavyoweza, kisha ukae polepole kwa hesabu ya tatu. Panda ngazi ya kwanza kwa kusukuma kwa nguvu. Rusha mpira mzito ukutani. Nguvu ya ghafla hairudi kwa mazoezi ya polepole peke yake.

*Linachokupa.* Kutoanguka, na ukianguka kuinuka. Mazoezi ya mizani pamoja na nguvu ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza kuanguka kwa wazee, na kuvunjika nyonga ni moja ya mambo yanayomwondolea mzee uhuru wake moja kwa moja. Mkono unaobeba ndoo nao una habari zake: utafiti mkubwa wa nchi 17, zikiwemo Afrika Kusini na Zimbabwe, uliochapishwa mwaka 2015, uliona kwamba kila nguvu ya kiganja inapopungua kwa kilo 5, uwezekano wa kifo hupanda kwa asilimia 16.

*Hatari.* Kubwa kuliko zote ni kubaki palepale. Ndoo ya lita 20 haiongezeki uzito. Mtu akifaulu vipimo vyote miezi mitatu ya kwanza, akaendelea na yaleyale miaka mitano, anakuwa anafanya desturi tu. Ongeza mfuko wa mchanga mgongoni, ongeza ngazi, ongeza hatua. Pia wapo wanaoita kunyoosha viungo mazoezi ya nguvu. Kunyoosha ni kuzuri lakini hakuchukui nafasi hii. Kwa mifupa iliyokwisha pungua, lengo hili peke yake huwa jepesi mno.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kuhusu mama zetu wanaolima na kuchota maji: je, nao wanahitaji mazoezi? Kazi ile ni nguvu halisi na ustahimilivu wa ajabu, na miguu yao mara nyingi ni imara kuliko ya mtoto wao aliye ofisini. Lakini jembe linainamisha mgongo upande uleule kila siku, na uzito hauchaguliwi na mwili, unachaguliwa na kazi. Kusimama kwa mguu mmoja, kuinuka kwa haraka, na kuvuta kamba au mpira kuelekea kifuani ili kuufungua mgongo vinawafaa. Vyuma vya jimu si vya lazima kwao.

*Linamfaa* aliyevuka 65, anayeanza upya baada ya miaka mingi, aliyewahi kuanguka, anayeishi mbali na jimu. Na mnyanyuaji mzoefu aliyegundua kwamba ana nguvu kwenye benchi tu.

Lengo la nne: kushikilia ulichonacho

*Kipimo.* Namba zilezile baada ya miezi sita. Chagua nyanyuo tatu, ziandike na tarehe, na uzikague mara mbili kwa mwaka.

*Linachodai.* Kipindi kimoja au viwili kwa wiki, dakika 30 hadi 40. Kanuni yake ni kupunguza seti na kuuacha uzito ulivyo. Wengi hufanya kinyume: wanabaki na vipindi vingi vya vyuma vyepesi, na nguvu zinaondoka.

*Linachokupa.* Nafasi ya maisha mengine. Kipo kipindi cha kuuguza mzazi, cha kujenga nyumba, cha mavuno, cha timu ya maveterani kila Jumapili. Upo mwezi wa Ramadhani, ambapo mtu akilazimisha ratiba ya kawaida huishia kuchoka na kuacha kabisa. Vipindi viwili vifupi baada ya futari vinatosha kumfikisha Idi na nguvu zake. Mtu anayelijua lengo hili haachi mazoezi, anabadili gia.

*Hatari.* Umri unadai gharama yake hapa. Mwaka 2011 watafiti wa Alabama, Marekani, waliwafundisha vijana na wazee wa miaka 60 hadi 75 kwa wiki 16, kisha wakawapunguzia mazoezi kwa wiki 32, wengine wakabaki na theluthi moja tu ya kazi, wengine na sehemu moja ya tisa. Wote waliendelea kuwa na nguvu nyingi walizopata. Lakini ukubwa wa misuli vijana waliulinda kwa kazi hiyo ndogo, na wazee hawakuweza. Kwa hiyo aliyevuka 60 anaweza kushikilia kwa miezi, si kwa miaka. Baada ya hapo arudi lengo la pili kwa msimu mzima.

*Linamfaa* mwenye akiba tayari na mwenye majukumu mengi. Halimfai aliye dhaifu. Hakuna cha kushikilia bado.

Yakiwekwa pamoja

Kwa mifupa, la kwanza linaongoza, likifuatiwa na la pili. Kwa kutoanguka, la tatu liko mbele, na hayo mengine husaidia miguu bila kuigusa mizani. Kwa sukari ya damu, la pili, ingawa yoyote kati ya manne ni bora kuliko kukaa. Kwa mfuko, la tatu na la nne ni nafuu, la pili linakula zaidi jikoni, la kwanza linakula zaidi kwenye vifaa. Kwa muda, la nne halina mshindani. Kwa viungo vinavyouma, anza na la pili au la tatu. Kwa hamu ya kuendelea mwaka baada ya mwaka, kila mtu ajijue: wapo ambao bila namba ya kufukuza huacha ndani ya mwezi, na kwao kilo hata kidogo za lengo la kwanza zina thamani kuliko ratiba salama wasiyoifuata.

Kuchanganya kunawezekana. Mtu wa siku mbili kwa wiki anaweza kuanza kipindi kwa dakika 8 za mizani na kuinuka kwa kasi, akafanya nyanyuo moja nzito, akamalizia na mbili za marudio mengi. Ila lengo kuu liwe moja, na kipimo kikuu kiwe chake.

Kwa hali yako

Una miaka 45 hadi 55, umenyanyua miaka mingi, viungo havilalamiki: endelea na kilo, kwa rekodi mpya za umri wako na vyuma vidogo. Kila baada ya miezi mitatu minne, weka wiki sita za lengo la pili ili kano zipumue.

Umri huohuo, lakini bega au goti linauma zaidi ya wiki tatu mfululizo: hamia lengo la pili, tafuta nyanyuo isiyouma kwa misuli ileile, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Kulala benchi na kusukuma dambeli, viganja vikitazamana, mara nyingi huvumilika pale ambapo chuma kirefu hakivumiliki.

Ni mwanamke aliyekoma hedhi, hasa kama mama yako aliwahi kuvunjika nyonga: ulizia kipimo cha mifupa pale kinapopatikana, anza na lengo la tatu kwa wiki nane, kisha upande taratibu kuelekea la kwanza ukiwa na msimamizi anayejua kazi yake. Ikiwa pingili za mgongo zimewahi kuvunjika, usiiname na uzito mpaka daktari akuruhusu.

Una kisukari au tumbo limekutangulia: lengo la pili, na kutembea kila siku. Unayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, pima kabla na baada ya mazoezi wiki za mwanzo, na uwe na kitu cha sukari mfukoni.

Una presha inayotibiwa na imetulia: lengo la pili au la tatu, marudio 10 hadi 15, toa pumzi kila unaposukuma, usibane. Ukitaka kusaka kilo, pata kauli ya daktari kwanza.

Umevuka 65 na hujawahi kugusa chuma: vipimo vinne vya lengo la tatu wiki hii, uviandike. Kile ulichofeli ndicho cha kuanza nacho. Ukifaulu vyote, anza lengo la pili.

Umebanwa na maisha: lengo la nne, lenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Ukishachagua, kaa na lengo hilo miezi minne hadi sita kabla ya kulihukumu, kwa sababu chini ya hapo mwili haujapata nafasi ya kujibu. Kisha rudia vipimo vyote, vya malengo yote manne, hata vile usivyovifuata. Kilichoshuka kuliko vingine ndicho cha kuzingatia katika msimu unaofuata.